Blanketi la vipande vya kitenge na kanga, kwa sisi tunaoshona huku mtoto anatuvuta gauni

Wamama wenzangu, na wababa mnaoshona najua mpo, hii ni kwa wenye mtoto wa mwaka na nusu mpaka miaka mitatu ndani ya nyumba, yule ambaye akisikia tu mfuniko wa cherehani umefunguliwa anaacha kila kitu anakuja kuzungusha gurudumu. Wengi tukishapata mtoto tunafungia cherehani chumbani tunasema ntarudi akianza shule. Mimi nasema usisubiri, maana huu ndo muda zawadi zinahitajika kwelikweli, wifi kajifungua, jirani ana arobaini ya mtoto, shoga anafanyiwa kichen pati, na hela ya zawadi ya dukani ni ileile ya pampasi. Kinachotakiwa ni kuchagua kazi ambayo unaweza kuiacha katikati muda wowote na isiharibike. Gauni ukiliacha nusu wiki mbili ukirudi hukumbuki mkono upi ni wa kulia, ila blanketi la vipande ni mraba na mraba, hata ukiunga viwili tu kabla hajaamka umeshasogea na hakuna cha kukumbuka.

Kwa hiyo naelekeza blanketi dogo la mtoto, sentimita 75 kwa 90, mbele vipande vya kitenge, nyuma kanga, katikati kitu chepesi. Ukilijua hili, hivyo vingine ntakavyovigusia chini vinakuja vyenyewe.

Vitu vya kutafuta

Vitenge usinunue vipya jamani. Nenda kwa fundi wa mtaani kwako, kila fundi ana mfuko wa mabaki chini ya meza, mwambie akuwekee vile vinavyozidi ukubwa wa kiganja chako na vidole vimekunjuliwa, wengi wanatoa bure au unamwachia hela ya soda. Na zile sare za harusi na misiba ulizozirundika kabatini huzivai tena, hizo ndo bora kuliko zote, fikiria unampa dada yako blanketi la mwanae lina kipande cha sare ya harusi yake mwenyewe na kipande cha kitenge alichokuwa anavaa bibi. Hakuna duka linauza hicho kitu.

Ila angalia kitenge ni pamba au polista, kwa sababu siku hizi vimechanganyika sana. Chomoa uzi mmoja, uende nao nje mbali na mtoto, uwashie kiberiti. Pamba inaungua inanuka karatasi na inabaki majivu laini, polista inajikunja inayeyuka inakuwa kidonge kigumu cheusi. Kwa vitu vya mtoto mchanga mimi natumia pamba tupu, inanyonya jasho na haimchomi ngozi, zile za polista naziweka kwa ajili ya mikoba.

Nyuma ni kanga. Kanga moja ina kama sentimita 150 kwa 110, blanketi letu linaingia na linabaki eneo kubwa. Na kwa kuwa kanga inauzwa doti, yaani mbili pacha, hapa ndo kuna kitu nakipenda kuliko vyote katika zawadi hii: moja unaifanya mgongo wa blanketi la mtoto, ya pili unaikunja vizuri unampa mama yake avae au ambebee. Mama na mtoto wana kanga moja. Kwa hiyo chagua jina la kanga kwa makini, Kariakoo au kwa wa Mombasa pale Biashara Street wanazo za kila namna, chukua ya pongezi, ya dua, au ile ya Nani kama mama, zile za mafumbo ya kugombana na majirani achana nazo, mtoto hana ugomvi na mtu.

Katikati inategemea unaishi wapi. Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar joto letu mnalijua, weka shuka kuukuu la pamba au flaneli, basi. Mtu wa Njombe, Mufindi, Arusha au Nairobi atafute blanketi jembamba la flisi kwenye mitumba, alifue, alikate. Sufi usiweke, ni nzuri kwenye mito ya watu wazima lakini ikilowa inashikana madonge na haikauki vizuri, na kitu cha mtoto kitafuliwa kila mara.

Halafu uzi wa kawaida wa cherehani rangi mbili, sindano za cherehani namba 14 kwa kuunga vipande na namba 16 kwa kupita tabaka zote tatu, tepu, mkasi unaokata nguo tu usiokatia karatasi, kipande cha sabuni kikavu cha kuchorea kama wanavyofanya mafundi, boksi gumu la kukatia kipimo, na vibanio vya nguo vingi. Vibanio nitavieleza.

Kabla ya chochote fua vyote. Kitenge kipya kina wanga, kanga mpya inachuja rangi hasa nyekundu na bluu iliyokolea, na pamba inarudi ikifuliwa mara ya kwanza. Fua kanga peke yake, badilisha maji mpaka yatoke meupe, anika, piga pasi. Ukiruka hapo blanketi likifuliwa kwa mara ya kwanza kule kwa mwenyewe kitenge cheupe kinakuwa cha pinki na nyuma inajikunyata huku mbele imebaki vilevile.

Sindano na mtoto

Hapa naomba usome polepole, maana kila kitu kingine ukikosea unafumua unashona tena, hapa hapana.

Usishonee juu ya mkeka wala kapeti. Sindano ikidondoka kwenye ukili inazama katikati ya misuko na huioni mpaka ikutane na goti la mtoto. Tandika shuka jeupe au la rangi moja chini ya eneo lote unalofanyia kazi, ukimaliza unalikunja kuelekea katikati unaenda kulikung'utia nje. Na ukipata sumaku ya spika iliyokufa, mafundi redio wanazo, ipitishe sakafuni kila ukimaliza, inaokota hata zile ambazo hujui kama zilidondoka. Iwe ile kubwa ya spika lakini, sumaku ndogondogo zisiingie kabisa kwenye nyumba yenye mtoto, akimeza mbili zinavutana ndani ya utumbo na hilo ni la upasuaji.

Sindano za mkono na pini zikae kwenye kopo la chuma lenye mfuniko mgumu, lile la maziwa ya unga linafaa sana, na liwe juu ya kabati sio juu ya meza. Ziwe na idadi. Ukitoa sindano tano zinarudi tano, na haufungi kopo mpaka umehesabu, hata kama mtoto analia, mtoto atalia dakika moja zaidi hakuna shida. Pini nunua zenye vichwa vya rangi. Lakini ukweli ni kwamba kwa kazi hii pini karibu hauzihitaji, ndo maana nikasema vibanio vya nguo, unabana kingo mbili za kitambaa unashona unabandua, kikidondoka unakiona na hakimchomi mtu. Tumia vile vizima tu, kilicholegea waya kitupe.

Wembe wa kufumulia mshono, najua ndo tumezoea kwa mafundi wetu, ila tafuta kile kifaa kidogo chenye ncha mbili cha kufumulia, wanauza kwenye maduka ya vifaa vya kushonea, kina mfuniko. Nusu wembe juu ya meza yenye mtoto wa miaka miwili mimi siafiki kabisa.

Cherehani yenyewe: ya umeme ukiinuka hata kwenda kuangalia maharage chomoa waya ukutani, sio kuzima swichi tu. Ya miguu, zile Butterfly na Singer zetu, vua mkanda kwenye gurudumu kubwa, maana mtoto akikanyaga pedali huku mkono wake uko kwenye gurudumu au chini ya sindano utasikia kelele. Kuvua mkanda ni sekunde tatu. Ya mkono, shusha mguu wa cherehani, kile chuma kinachobana kitambaa, toa sindano, funika boksi lake. Bado naipenda cherehani ya miguu kwa mzazi, umeme ukikatika unaendelea, na mlio wake ni mdogo haumwamshi aliyelala chumba cha pili.

Na ikitokea umeona sindano haipo na mtoto alikuwa na kitu mdomoni, usimtapishe, usimpe ugali wala ndizi eti ikasukume, nenda hospitali moja kwa moja wampige picha.

Kukata, fanya usiku mara moja

Gawa kazi yote iwe vipande vidogo ambavyo kila kimoja kinaisha ndani ya dakika kumi na tano ishirini, na ujue kipi ni cha usiku, kipi ni cha usingizi wa mchana, kipi kinawezekana akiwa macho. Kukata ni kwa usiku, maana kunahitaji mkasi mkubwa, meza nzima na akili yako yote.

Kata boksi gumu mraba wa sentimita 17 kwa 17. Pima pembe zake kwa kuliweka kwenye kona ya daftari, kama boksi limepinda kila kipande kitapinda. Hiyo 17 ni 15 ya kuonekana na sentimita moja kila upande ya mshono. Watu wengine watakwambia ukate vidogo vya sentimita 8 vinapendeza zaidi, ni kweli vinapendeza, subiri mwanao aanze shule. Kwa sasa kipande kikubwa ni rafiki yako, unahitaji 30 tu, safu 6 zenye vipande 5 kila moja.

Weka boksi juu ya kitenge likifuata nyuzi za kitambaa, usikate mshazari, kitambaa cha mshazari kinavutika na safu zako hazitakutana. Chora kwa sabuni, kata juu ya mstari. Kama kitenge kina ua kubwa au ndege, likalishe boksi ua liwe katikati. Usikate tabaka zaidi ya mbili kwa pamoja na mkasi, za chini zinahama.

Kuhusu rangi mimi sina kanuni nyingi, nachofanya kila mara ni kuhakikisha theluthi moja ya vipande ni vya rangi moja au mchoro mdogo uliotulia, kwa sababu vitenge vyote vinapiga kelele na vikikaa pamoja vyote macho hayana pa kupumzika. Kipande cha shati la mzee wa nyumba la bluu au kipande cha shuka jeupe kinasaidia sana hapo.

Ukishakata vipange vyote sakafuni au kitandani, sogeza sogeza mpaka uridhike, kisha piga picha kwa simu. Usiache kupiga hiyo picha. Asubuhi mtoto akiamka hiyo mipango yote ataipanga upya yeye. Halafu nyuma ya kila kipande andika kwa penseli safu na nafasi, 1A, 1B, 1C mpaka 6E, kusanya kila safu peke yake weka kwenye bahasha ya kaki. Mifuko ya plastiki sitaki, kwanza Tanzania ilipigwa marufuku tangu 2019, na ile laini ya vifungashio mtoto anaweza kujifunika usoni.

Kuunga vipande

Sasa una bahasha sita na kila bahasha ni kazi ya usingizi mmoja wa mchana. Akilala unachukua bahasha moja tu. Ukimaliza na bado kalala chukua ya pili, ila usizitoe zote, kwa sababu akiamka ghafla unataka kuwa na kitu cha kurudisha mahali pake kwa mkono mmoja.

Chukua 1A na 1B, zitazamane sura kwa sura, bana kibanio, shona upande mmoja ukiacha sentimita moja kutoka ukingoni. Ukitaka isihame bandika kipande cha selotepu kwenye bati la cherehani sentimita moja kutoka kwenye sindano, kitambaa kipite kando ya hiyo tepu. Urefu wa mshono weka 2.5. Ukifika mwisho usikate uzi, nyanyua mguu wa cherehani, ingiza jozi inayofuata 1C na 1D ushone hapohapo, zinatoka zimeshikana kama tasbihi, unakuja kuzikata baadaye, ndo unaunga jozi na jozi, na mwisho 1E. Inaokoa uzi na inaokoa muda, na hata mtoto akiita katikati kazi haidondoki huku na huku.

Safu zote zikiisha ndo unapiga pasi, usiku, zote kwa mkupuo. Pasi yenye waya unaoning'inia mezani na mtoto macho haviendi pamoja, na ya mkaa ndo usiseme. Mchana ukitaka mshono ulale pitisha mgongo wa kijiko kwa nguvu, unalala vizuri tu. Safu ya kwanza mishono ielekee kushoto, ya pili kulia, ya tatu kushoto, hivyohivyo, halafu unapounga safu na safu mishono inapishana, haifanyi nundu na pembe zinakutana zenyewe. Anza kubana pale pembe zinapokutana, kisha ndo ubane katikati, ukianza mwanzo ukaenda mwisho bila kubana pembe utafika huko zimeachana na utalaumu cherehani bure.

Pembe moja mbili zikikosana kidogo achana nazo. Ikikosana zaidi ya upana wa punje ya mchele fumua sentimita chache urudie, inaonekana kwa mbali.

Kufunga na kanga

Kuna njia za kupiga ukanda kuzunguka kingo na zinapendeza, ila zinataka siku nzima ya utulivu. Sisi tunatumia njia ya foronya.

Kata kanga na kile cha katikati ukubwa wa sentimita 80 kwa 95, yaani vizidi kidogo. Kwenye kanga usikate tu popote. Geuza ule upande wenye jina, hesabu jina liwe ndani, na chini yake libaki kama upana wa kiganja kabla ya kukata ili mshono usile maandishi. Kanga unailaza kwa urefu wake, kwa hiyo blanketi litasomeka likilazwa kwa ubavu, sentimita 95 kwenda upande.

Tandaza sakafuni juu ya shuka lako: chini kabisa kile cha katikati, juu yake kanga sura ikitazama juu, juu yake vipande vyako sura ikitazama chini kwenye kanga. Papasa kuanzia katikati kwenda nje mpaka hakuna mkunjo. Bana vibanio kuzunguka kote, kila upana wa vidole vinne. Shona kuzunguka ukiacha sentimita moja kutoka kwenye ukingo wa vipande, anzia katikati ya upande mmoja, na acha mwanya wa sentimita 20 bila kushona. Kwenye kila kona acha sindano ndani ya kitambaa, nyanyua mguu, zungusha kitambaa, endelea. Mwanzo na mwisho rudisha mshono nyuma mara mbili maana hapo ndo patavutwa.

Punguza kingo zilizozidi, kata ncha za kona nne bila kugusa mshono, ingiza mkono kwenye mwanya ugeuze yote nje. Kona zitoe kwa ncha butu, kijiti cha kupikia au penseli isiyochongwa, sio mkasi. Piga pasi, kingo za mwanya zikunje ndani, halafu shona kuzunguka blanketi zima nusu sentimita kutoka ukingoni. Huo mshono mmoja unafunga mwanya na unalaza ukingo.

Imebaki kushikiza tabaka tatu zisitembee. Badilisha sindano uweke namba 16, urefu wa mshono 3 mpaka 3.5, juu uzi unaofanana na vitenge, kwenye bobini uzi unaofanana na kanga. Pita juu ya mishono ile ile uliyounganisha safu, palepale kwenye mfereji wake, anzia mstari wa katikati kwanza ndo uende wa pembeni, ukianzia pembeni unasukuma kitambaa kinarundikana katikati. Mistari mingi huhitaji, ile mitano ya kulala na minne ya kusimama inatosha kabisa.

Wapo wanaoshikiza kwa kufunga mafundo ya uzi hapa na pale. Kwa blanketi la mtu mzima sawa. Kwa mtoto hapana, uzi ukilegea unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mkono au cha mguu ukabana damu, na mtoto mchanga hawezi kusema kinachomliza. Kwa sababu hiyohiyo ukimaliza geuza blanketi pande zote ukikata kila mkia wa uzi, na mahali popote uzi unaning'inia nyuma urudie.

Mtoto wako naye afanye kazi

Mtoto hataki cherehani kwa kweli, anataka kuwa pale ulipo na kufanya unachofanya. Mpe mfuko wake wa kitambaa wenye mabaki mazuri, usimpe mabaya ya kutupa, anajua. Tia na vile vigurudumu vikubwa vya uzi vikiwa vitupu, na vipande vya rangi zinazojirudia, kitenge cha njano viwili, cha kijani viwili, atavioanisha mwenyewe. Mwenye miaka miwili na nusu kwenda mbele toboa boksi matundu makubwa, mpe kamba fupi ya kiatu apitishe huku uko naye. Na muulize achague, bibi tumwekee hiki au hiki? Akichagua ukiweka kweli, atakuja kumwonyesha bibi yake kile kipande kila akienda.

Kama zawadi ni ya bibi au babu chora kiganja cha mtoto juu ya kipande cha rangi moja. Akiwa macho hutaweza, subiri asinzie, fungua vidole taratibu, chora kwa penseli kuvizunguka. Halafu unadarizi juu ya mstari kwa mkono, mshono wa kurudi nyuma, uzi mbili. Hicho unakiweka katikati ya blanketi au unakifanya foronya ya mto wa kochi. Mimi naona hii ndo zawadi ya kumpelekea mama mkwe kuliko seti ya vikombe.

Mabaki yanayobaki

Kile kipande kikubwa cha kanga kilichobaki kinatoa bibu mbili na kitambaa cha kufutia mate, kanga mbele, taulo kuukuu nyuma, njia ileile ya foronya. Bibu ifungwe na kitambaa cha kunata au kifungo cha kubana nyuma ya shingo, isiwe na kamba ndefu za kufunga.

Vipande vya sentimita 12 ukivipata sita unashona mchemraba wa kuchezea. Unga vinne kwa mstari, ufunge mduara, weka cha juu na cha chini, ukianza na kuishia sentimita moja kabla ya kila pembe, acha mwanya, jaza mabaki uliyoyakatakata kama unavyojaza mpira wa rede, funga, halafu pita mishono yote mara ya pili kwa sababu utarushwa, utatafunwa na utafuliwa. Usitie maharage, mchele wala kengele ndani, mshono ukiachia hivyo vinaenda kooni. Kipimo kizuri ni kile kigurudumu cha katikati cha toilet pepa, kitu chochote kinachopita humo kisiwe kwenye zawadi ya mtoto wa chini ya miaka mitatu, ndo maana wanasesere nao macho yanadariziwa, hayawekwi vifungo.

Kwa kichen pati shona vishikio vya sufuria, mraba wa sentimita 18, kitenge cha pamba juu, tabaka mbili za jinzi na moja ya taulo ndani, pamba kila mahali maana polista kwenye sufuria ya moto inayeyukia mkononi. Viwili viwili, na jioni moja inatosha.

Siku ya kupeleka

Lifue mara ya mwisho kwa sabuni isiyo na harufu kali, lipapase lote kwa viganja ukitafuta pini au ncha ya sindano iliyovunjika, upande wa kanga na upande wa vipande, mara mbili. Likunje jina la kanga likae juu, weka ile kanga pacha chini yake, vifunge kwa utepe wa kitambaa.

Na umwambie mama kwa mdomo, usiache aelewe mwenyewe, kwamba blanketi hili ni la kumlaza mtoto kifudifudi akiwa macho ajifunze kunyanyua shingo, la kutandika kwenye mkeka, la kumfunikia miguu wakiwa kliniki. Sio la kumfunika akilala peke yake kitandani. Madaktari wa watoto, American Academy of Pediatrics wakiwemo, wanasema mto, blanketi na vitu laini visiwepo anapolala mtoto mpaka atimize mwaka mmoja kwa sababu vinaweza kumfunika pua. Akishapita mwaka alilalie atakavyo, na kama unajua litatumika mpaka huko, tangu mwanzo lishone safu 8 za vipande 6, linakuwa 90 kwa 120 na kanga moja bado inatosha nyuma. La hivi mwambie alifue kwa maji ya baridi, alianike kivulini likiwa limegeuzwa upande wa kanga, na akiona uzi umeanza kufumuka alirudishe kwako uushone siku hiyohiyo mtoto akiwa amelala.